Mwalimu Solomon Mwirigi na Filamu ya Bi. Ilona

Mchungaji wetu na wazee wa kanisa, walimu mliofundisha na marehemu, wanafunzi mliokuja kutoka Savage na Shakopee katika baridi hii, majirani wa Maple Grove, na wewe mama yetu, Sara Karimi, unayetufuata kwa simu ukiwa Kibirichia na wajukuu wamekuzunguka, nawasalimu nyote kwa niaba ya familia. Mimi ni Ken Mutuma, mdogo wa marehemu wa kumfuata, na nimepewa jukumu la kuwasomea maisha yake. Nitasoma kwa Kiswahili kwa sababu yeye mwenyewe alitaka hivyo, akisema kwamba Kiingereza alikitumia kazini muda wa kutosha, na vijana ambao hawatanifuata vizuri, binti yake Kendi amewaandalia tafsiri kwenye karatasi za ibada.

Marehemu Mwalimu Solomon Mwirigi Kinoti alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kibirichia, Meru, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Josphat Kinoti, aliyetutangulia mwaka wa 2012, na Mama Sara Karimi. Alikuwa mtoto mbishi, wa kubishana na mtangazaji wa mpira redioni, na baba alikuwa akisema kwamba huyu ama atakuwa wakili ama atatusumbua bure. Alisoma shule ya msingi hapo nyumbani kuanzia 1978 hadi 1985, akawa miongoni mwa watoto wa kwanza kabisa kufanya mtihani wa darasa la nane katika mfumo mpya wa wakati huo, kisha akajiunga na shule ya upili mjini Meru, akamaliza 1989, na mwaka wa 1991 akaingia Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambako alihitimu shahada ya ualimu katika historia na Kiswahili mwaka wa 1995.

Alianza kazi Isiolo mwaka wa 1996, na huko ndiko alikokutana na Rahab Nkatha, aliyekuwa amekuja kumtembelea dada yake, wakafunga ndoa tarehe 18 Desemba 1999 katika kanisa la Methodisti huko Nkubu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kendi, aliyezaliwa mwaka wa 2001, na Sydney, aliyezaliwa hapa Minneapolis mwaka wa 2006. Rahab ndiye aliyebahatika kupata kadi ya kuhamia Marekani, wakawasili Novemba 2003 na kupanga nyumba ndogo Brooklyn Park, na kwa miaka minne mwalimu mwenye digrii aliosha na kulisha wazee katika makao ya wazee, shifti baada ya shifti, ili mkewe amalize masomo ya unesi. Zamu ya marehemu ilipofika, Rahab alichukua shifti za ziada, naye akaingia chuo huko Saint Paul kutafuta leseni ya ualimu ya jimbo hili, na Agosti 2008 akaajiriwa kufundisha historia katika shule ya upili ya umma upande wa Savage. Hata walipohamia Maple Grove hakuiacha shule hiyo, akawa anaendesha gari kila asubuhi kwenye barabara ya 169 kutoka juu hadi chini, theluji iwepo isiwepo.

Sasa nitasema juu ya kazi yake kwa urefu kidogo, maana ndiyo iliyokula maisha yake, na wengi wetu tuliokuwa tukila nyama naye hatukuijua vizuri.

Mwaka wake wa kwanza katika shule hiyo alifundisha habari za mauaji ya Wayahudi katika vita vya pili vya dunia kwa kuonyesha picha za maiti, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye, akaona nusu ya darasa wakitazama sakafu na nusu nyingine wakifanya mzaha ili wasionekane wameogopa. Alirudi nyumbani akamwambia Rahab, "Leo nimewaonyesha watu wamekufa, na sikuwaambia kwamba waliwahi kuishi." Tangu siku hiyo hakuonyesha picha ya maiti tena.

Mwaka wa 2010 alimpata Bi. Ilona Gellert, mwanamke mfupi, mwenye kofia ya sufu, aliyeishi Saint Louis Park na aliyekubali kuja shuleni kuzungumza. Bi. Ilona alizaliwa katika mji mdogo nchini Hungaria mwaka wa 1929, na alipokuwa na miaka kumi na mitano yeye, mama yake na kaka zake wawili wadogo walipakiwa kwenye behewa la treni pamoja na majirani zao, wakapelekwa Auschwitz, na waliposhuka wakatenganishwa, yeye huku, wao kule. Kitu cha mwisho alichokiona ni mama yake akimfunga mdogo wao vifungo vya koti. Hakuwaona tena. Alikuwa akiyasema haya bila kulia, lakini kila alipofika kwenye vifungo alitazama mikono yake, akanyamaza kwa muda ambao watoto wa shule huona mrefu sana, kisha akaendelea mahali pengine kabisa, akieleza jinsi behewa lilivyonuka.

Alikuja shuleni kila majira ya kuchipua hadi 2017, miguu ilipokataa, na kuanzia hapo marehemu akatumia filamu ya ushuhuda wake, ambamo alikuwa amerekodiwa miaka ya tisini akiwa bado na nywele nyeusi, ameketi kwenye kiti mbele ya pazia, akiulizwa maswali na mtu asiyeonekana. Filamu ile ni ndefu, na wakubwa wake shuleni walimwomba mara nyingi aikate abakize vipande vya huzuni, lakini yeye aliionyesha tangu mwanzo, pale Bi. Ilona anapoeleza duka la baba yake la kofia, mwalimu wa muziki aliyekuwa na pumzi mbaya, na rafiki yake aliyemwazima viatu vya kuteleza kwenye barafu. Taa za darasa hazikuzimwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuandika. Aliwaambia, "Kalamu chini, huyu mama anazungumza na ninyi," na ilipokwisha hakuuliza swali lolote mpaka kesho yake.

Aprili mwaka jana, 2025, filamu ilipokuwa imefika pale kwenye vifungo na Bi. Ilona amenyamaza, mwanafunzi mmoja anayeitwa Ian, ambaye ameniruhusu kumtaja, alisema kwa sauti kwamba mbona hii inaweza kuwa imetengenezwa na kompyuta, siku hizi mtu analia kwenye skrini kumbe hayupo, tutajuaje kama huyu ni mtu. Hakusema kwa dharau, alisema kama mtu anayeuliza bei. Marehemu aliniambia kwamba katika miaka kumi na saba ya kufundisha huku alikuwa amejiandaa kwa wenye chuki, na kwa wenye kusinzia, lakini hakuwa amejiandaa kwa kijana mwenye adabu ambaye hana tu namna ya kujua. Alisimamisha filamu, akaligeukia darasa.

Aliyejibu ni msichana wa nyuma, Héritière Byamungu, ambaye wazazi wake ni watu wa Kongo ya mashariki, naye alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania na kuletwa huku akiwa mdogo, na ambaye tangu Septemba alikuwa hajasema neno darasani. Alimwambia Ian, "Bibi yangu hunyamaza hivyo hivyo. Akifika mahali fulani ananyamaza, halafu anaanza kuongea juu ya sufuria. Kompyuta haiwezi kujua pa kunyamaza." Marehemu alisema hiyo ndiyo iliyokuwa saa bora ya ualimu wake, na akarudi nyumbani siku hiyo akiimba ndani ya gari.

Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu Héritière alirudi kwao, na wakati wa chakula, mbele ya wote, akamwomba bibi yake aseme kilichokuja baada ya sufuria. Siku iliyofuata baba yake, Bwana Anicet Byamungu, alitoka moja kwa moja kazini kwenye ghala la Shakopee, akafika shuleni akiwa bado na fulana yake ya kazi, akamtafuta mwalimu. Marehemu alimsalimu kwa Kiswahili, akidhani Kiswahili kingewasaidia, naye Bwana Byamungu akamjibu kwa Kiswahili chao, "Mwalimu, mama yangu hajakula tangu jana. Siye tulikuya huku juu ya batoto basiyue ile mambo. Ya Wayahudi fundisha, ni muzuri. Ya kwetu, acha." Marehemu alimwomba msamaha, akasema hakukusudia, na Bwana Byamungu akasema kwamba hata yeye anajua hakukusudia, lakini mama yake bado hali chakula. Akaomba binti yake asikae tena darasani siku za filamu, na kuanzia hapo Héritière akawa anapelekwa maktaba, na marehemu alimwona kupitia kioo cha mlango akipita na begi lake, siku zote hizo, bila kugeuka.

Mwezi wa Mei alifanya jambo ambalo Rahab alimkataza. Bi. Ilona alikuwa sasa na miaka tisini na sita, akiishi katika makao ya wazee ambako Rahab ni muuguzi, na marehemu akaona kwamba kama swali la Ian ni iwapo huyu ni mtu, basi jibu ni kumpeleka Ian akamwone. Rahab alimwambia, "Baba Kendi, usiende na watoto," na alipoulizwa kwa nini, alinyamaza, kwa sababu kazi yake haimruhusu kusema habari za mgonjwa hata kwa mume wake. Binti yake Bi. Ilona, Mama Joan, anayeishi mbali, alipopigiwa simu alisema kwamba mama ana siku nzuri na siku mbaya, na kwamba siku zote alipenda vijana, waende. Basi marehemu akaenda na wanafunzi wachache, Ian akiwemo, kwa idhini ya wazazi wao na ya shule.

Ilikuwa siku mbaya. Bi. Ilona hakumtambua marehemu, ambaye alimjua kwa miaka kumi na mitano, akamwomba amletee maji akidhani ni mtumishi, na marehemu akamletea. Mhudumu mmoja, kwa nia njema, aliwasha ile filamu ya ushuhuda, waliyokuwa nayo pale, kwenye televisheni ya sebule akisema huenda ikamchangamsha, na Bi. Ilona akaitazama kwa makini, mikono mapajani, tangu duka la kofia mpaka kwenye vifungo vya koti, na mwanamke wa kwenye filamu aliponyamaza, yeye akasema, "Maskini mwanamke huyu." Akawageukia vijana akauliza kama yule mwanamke alifika nyumbani. Ian, aliyekuwa ameketi karibu naye zaidi ya wote, aliteremka kwenye kiti, akapiga goti pale zuliani ili macho yao yalingane, akamwambia, "Ndiyo. Alifika." Bi. Ilona akasema ni vizuri, akashika sikio la kijana kama mtu anayepima kitambaa, akaomba filamu ianze upya.

Ian hakusema tena kitu chochote juu ya kompyuta, na marehemu hakumuuliza anaamini nini. Aliniambia, "Mutuma, mimi sijui nilimfundisha au nilimwumiza," na alikuwa na hasira na Rahab kwa siku kadhaa, akimwambia, "Ulijua, ukaniacha niende," naye Rahab akimjibu, "Nilikwambia usiende. Ulitaka nikwambie na nini zaidi?" Walipatana, kama walivyopatana daima, jikoni, bila mtu kutangaza. Bi. Ilona Gellert alifariki Julai. Marehemu ndugu yangu alikuwa miongoni mwa waliorusha udongo kaburini kwake kwa desturi ya watu wake, na alipokuwa akiinua koleo alishika tumbo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza sisi kuona kwamba anaumwa.

Tarehe 19 Agosti 2025 madaktari walimwambia ana kansa ya kongosho, na kwamba imekwisha kusambaa hadi kwenye ini. Alitibiwa kwa dawa za kuingizwa mishipani kuanzia Septemba, akapoteza uzito, akapoteza ladha ya chai, jambo lililomuudhi kuliko nywele, na Novemba akaomba dawa zisimamishwe arudi nyumbani. Darasani kwake alikuwa amewekwa mwalimu wa muda, na walimu wenzake walimletea salamu kwamba filamu imeonyeshwa mapema mwaka huu wa masomo, dakika chache tu, wanafunzi wakijaza maswali huku wakitazama. Waliomletea walidhani atafurahi kwamba somo linaendelea. Aliwashukuru, na walipoondoka akageukia ukuta. Sydney alimuuliza kwa Kiingereza kama anataka kitu, akasema hapana, akasema, "Nimefanya kazi ya mtu anayechora kwenye vumbi."

Nimewaza kama niseme maneno hayo mbele yenu, na Rahab amesema niseme, kwa sababu ni kweli aliyasema, na aliyaamini kwa wiki nyingi.

Jumapili moja ya mwezi wa Desemba, baada ya ibada, Bwana Byamungu alikuja Maple Grove. Alikuja kwa sababu Héritière alimsihi ampeleke kumwona mwalimu, na yeye binti bado hana leseni ya kuendesha gari, na kwa sababu kwao mgonjwa hatembelewi na mtoto peke yake. Marehemu wakati huo hakuwa tena na sauti, ila mnong'ono wa neno moja moja. Nilikuwa nimeketi naye. Bwana Byamungu aliketi upande wa pili wa kitanda bila kuvua koti, na Héritière akaenda jikoni kumsaidia Rahab, na kwa muda tukazungumza habari za barafu barabarani, mpaka zikaisha.

Ndipo Bwana Byamungu akasema, na ameniruhusu kuyarudia maneno haya, "Mwalimu, miye pia niko na ile mambo. Sijaambia mutu, hata mama ya Héritière. Nitakuambia weye, juu weye unaenda nayo." Marehemu alimtazama. Nilidhani atatikisa kichwa tu, nikaanza kuinuka niwapishe, lakini akatoa mkono wake chini ya blanketi, mkono uliokuwa umebaki mifupa, akaunyosha, akaelekeza jikoni, ambako tulisikia vikombe. Bwana Byamungu alielewa, kwa maana alisema, "Hapana, mwalimu." Marehemu hakuushusha mkono. Nilitaka kuushika nimsaidie, na sikuthubutu. Wakabaki hivyo, wanaume wawili, mmoja anakataa na mmoja hawezi kusema, mpaka Bwana Byamungu akaficha uso ndani ya viganja, na akiwa vivyo hivyo akaita, "Héritière. Kuya. Ikala hapa."

Binti aliingia, akaketi sakafuni karibu na miguu ya baba yake, nami nikatoka nikafunga mlango. Kilichosemwa sikijui. Tulisikia sauti ya mtu mmoja, kisha kimya, kisha sauti ile ile tena, na Rahab akazima redio ya jikoni. Giza la hapa huingia mapema mwezi huo, na taa za nje zilikuwa zimewaka walipofungua mlango, baba ametangulia, binti nyuma yake ameshika mkono wa koti lake. Bwana Byamungu alinawa uso kwenye sinki, akaomba chai, akanywa vikombe viwili amesimama. Nilipoingia chumbani marehemu alikuwa macho, uso umelowa, na nilipomuuliza kama amechoka, alisema, "Sana." Hakuongeza neno, wala hakusema tena habari za vumbi, lakini sitawadanganya kwamba alikufa akiwa na furaha. Alikuwa na maumivu, na alikuwa na huzuni ya kuacha watu wake.

Krismasi ilimkuta bado yupo. Alikuwa ameomba azikwe hapa, walipo watoto wake na wanafunzi wake, na mama alikubali baada ya kulia kwa siku mbili, ndiyo sababu leo hatumrudishi Kibirichia. Tarehe 14 Januari 2026, Jumatano, asubuhi, mkewe akiwa amemshika na Kendi akimsomea Zaburi kwa Kimeru kibaya ambacho kilikuwa kikimchekesha siku zote, alivuta pumzi ndefu, akaiachilia, na hakuvuta nyingine. Ameacha mjane, watoto wawili, mama, ndugu watano, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hospitalini, na wale waliokuja nyumbani kumpunguzia maumivu, ambao walimwita "Mwalimu" wakidhani ndilo jina lake. Tunawashukuru majirani waliosukuma theluji mlangoni petu bila kuombwa, walimu wenzake, wanachama wa kanisa hili waliopika, na Mama Joan aliyeruka kwa ndege kuja kuketi nasi leo. Tunawashukuru wanafunzi, hasa mliokataa kukaa viti vya nyuma. Tunaishukuru nyumba ya Bwana Byamungu, pamoja na bibi yake Héritière, ambaye amekuja mwenyewe na ameketi hapa mbele.

Mama, mwanao hakukuaibisha.

Na wewe, Mwirigi, ndugu yangu, umesikiliza watu vya kutosha. Sasa ni zamu yetu. Lala.